Ombi la Kushusha Intaneti Kutoka Mnara wa Kengele

Mhashamu Baba Askofu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Eudocia Peralta, msalishaji wa matanga hapa kijijini Jobo Dulce kwa miaka arobaini na moja. Nakuandikia kwa unyenyekevu, na kwa hasira pia, maana sijui kuficha. Paroko wetu, Padre Anselmo, kijana mzuri ila haambiliki, amefunga mtambo wa intaneti juu ya mnara wa kengele. Naomba uamuru ushushwe kabla sijafa. Nina miaka sabini na sita, kwa hiyo usichelewe.

Sikatai maendeleo. Runinga ilipoingia hapa tulielewana nayo: sala za siku tisa tulizisogeza mpaka saa tisa alasiri zisigongane na tamthilia, na hakuna marehemu aliyelalamika. Runinga ilikuwa moja, pale dukani, tukalia pamoja. Sasa kila mtu ana yake mfukoni na analia kivyake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye matanga ya Don Fermín, mwezi uliopita, nimefika kwa Mtakatifu Yosefu kwenye litania, mara sebule nzima ikalipuka: "Ameupeleka nje ya uwanja!" Kumbe wanatazama besiboli kwenye simu. Mjane wake, Ercilia, naye aliruka. Nikasema, "Jamani, msiba!" Wakanijibu, "Doña Eudocia, hata yeye angetaka kujua matokeo." Ni kweli angetaka, lakini hiyo si hoja.

2. Picha ya marehemu ilisogezwa pembeni mwa altare ya matanga ili sahani ya biskuti na jibini ionekane vizuri kwenye simu.

3. Hili ndilo zito. Mtoto wa Don Fermín yuko Madrid, akasali nasi kwa simu iliyoegemezwa kwenye mshumaa. Sauti yake ilifika imechelewa. Namtaja Mama Maria, simu kimya, nahamia kwa Mtakatifu Ana, ndipo simu inamwitikia Maria, "Umwombee." Wazee, kwa huruma, wakaanza kuifuata simu. Basi kwa siku tisa Mama wa Mungu hakuitikiwa na mtu, na "umwombee" ya mwisho, watakatifu wakiwa wamekwisha, ilimwangukia paka aliyekuwa akipita. Baba Askofu, Don Fermín sasa anaombewa na paka. Wewe ndiye mwanateolojia, niambie amefika wapi.

4. Na sasa wamepata mwanamke wa mtandaoni anayesali litania nzima bila kukohoa wala kudai kahawa. Ercilia ameniambia mbele za watu, "Usijichoshe, mama, mwaka wa marehemu ukitimia tutamwekea huyo." Iliniuma, sikufichi. Nimewasalia baba zao na babu zao. Je, siku yangu ikifika, nani atanisalia mimi? Simu?

Kwa hiyo mtambo ushushwe. Ikishindikana, mwombe Mtakatifu Barbara, ambaye radi ni zake, afanye kazi yake siku moja tu, ila asiguse kengele.

Nabusu pete yako. Nisalimie masista wa jikoni, katibu wako mwenye jino bovu, na yule dereva aliyemkanyaga kuku wangu. Mwambie nimemsamehe nusu.

Mtoto wako katika Kristo,
Eudocia Peralta

N.B. Padre Anselmo amesikia kwamba nakuandikia, akabadilisha neno la siri la intaneti na hanipi jipya. Tafadhali mwamuru anipe kabla ya Jumapili. Binti yangu Yudelka yuko New York mwaka wa kumi na mbili, hana makaratasi ya kuishi kule. Akitoka hawatamruhusu kurudi, na watoto wake wako kule. Hatakuja kunizika. Kila Jumapili namfundisha litania kwa simu, tumeshafika kwa Mtakatifu Lusia. Nikifa, simu iegemezwe kwenye mshumaa, na atakayenisalia asiwe na haraka. Akishamtaja mtakatifu, anyamaze, asubiri mpaka mwanangu aitikie.