Kilima cha Divai cha Kindu

"Kuanzia leo, saa nne na nusu asubuhi, Kindu ni mji wa divai nyekundu. Wananchi wote watafurahi. Furaha itaanza mara moja."

Tangazo hilo alilisoma Kamishna Banza mwenyewe, mbele ya ofisi ya Chama, amevaa abakosti mpya, ile suti ya Chama isiyo na tai, iliyombana shingoni. Furaha ikaanza mara moja, mtaa baada ya mtaa, kwa zamu, kama ilivyopangwa. Kabongo, karani wa mizigo wa stesheni ya reli, alifurahi pamoja na mtaa wake, kisha akageuka kwenda kazini. Hakufika. Katika kifungu cha tatu cha tangazo alisikia jina lake: ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Divai, Mizabibu na Mteremko.

Uteuzi ulikuwa na sababu za kitaalamu. Mwaka uliopita Kabongo alipokea makasha manne ya divai ya misa ya Mapadri, na hakuna chupa iliyovunjika.

"Mukubwa," alisema alipoitwa ofisini, "mimi sijapata kuona mzabibu hata mara moja."

"Njo vizuri," akajibu Kamishna. "Haujaharibiwa na mawazo ya wakoloni."

Akafungua saraka, akatoa karatasi iliyobanduliwa kwenye chupa. Chupa yenyewe alikuwa ameinywa Kinshasa, kwenye karamu ya wakubwa, akalia machozi ya utamu. Karatasi ilisema kwa Kifaransa: divai nyekundu, mizabibu ya zamani, mteremko wa kilima, na chini, jina la mtengenezaji, mzee mmoja aitwaye Florentin, na kijiji chake.

"Mufaransa ana kilima, ana mizabibu ya zamani," alisema Kamishna. "Sisi tumekosa nini?"

Kabongo alifikiri. "Kilima, mukubwa. Na mizabibu."

"Hayo njo mambo madogo. Nimekwisha kumwandikia huyo Florentin aje mwezi wa kwanza kutupa cheti. Nimemwambia mizabibu yetu iko na miaka sitini." Akashusha sauti. "Na akikosa kutupa, barua yako ya kuhamia Obokote imekwisha kupigwa chapa. Imebaki tarehe tu."

Obokote hakuna reli. Karani wa reli asiye na reli ni mtu wa namna gani, Kabongo hakujua, ila alimjua mkewe Bitota, na mimba yake ya miezi sita, na safari ya lori kule msituni kipindi cha mvua. Akaitisha kikao cha Kamati siku hiyo hiyo.

Kilima kilijengwa kwa Salongo, kazi ya lazima ya umma. Kila Jumamosi, wananchi wote wenye mikono walibeba udongo kwa vikapu toka ukingo wa mto Lualaba na kuumwaga mahali palipochaguliwa kwa kuwa tambarare kupita pote, ili kilima kionekane vizuri. Mahali hapo palikuwa shamba la karanga la Mwanvua, mjane aliyekuwa hamwogopi mtu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzika watu wote aliowaogopa.

"Baba Kabongo," alimwambia, "karanga yangu iko chini ya kilima yenu."

"Mama, kilima si yangu. Njo ya Taifa."

"Basi Taifa inipe karanga."

Kabongo, kwa aibu, aliandika katika kumbukumbu za kikao: mwananchi Mwanvua ametoa maoni ya kuunga mkono.

Baada ya Jumamosi kumi na moja kilima kilikuwa na urefu wa mita saba, na mteremko mkali kiasi kwamba mbuzi wa jirani alianguka mara mbili. Likabaki suala la mizabibu. Kamati ilitafuta hadi miji ya Pangi na Kama. Mzabibu haukuonekana. Kilichoonekana ni marakuja, mmea unaotambaa, wenye vikonyo vinavyoshika kila kitu, na uliokuwa umefunika ua wote wa Mwanvua.

Hapo Kabongo, ambaye hadi miaka michache nyuma aliitwa Jérôme, akapata wazo. Yeye mwenyewe alilala Jérôme akaamka hana Jérôme, na kazini aliendelea kufika saa moja kamili. Kama mtu anabadilishiwa jina kwa tangazo la redio na hafi, marakuja utakufa kwa nini? Azimio likapita bila kupingwa: mmea uliokuwa ukiitwa marakuja umeacha jina hilo, na sasa ni mzabibu. Kila mche ulihamishiwa mteremkoni na kupewa kadi ya utambulisho, na tarehe ya kuzaliwa ya miaka sitini nyuma. Divai yenyewe akaagizwa Mwanvua, kwa sababu matunda yalikuwa yake, na pia kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuchachusha kitu chochote bila kukilipua. Alitia maua mekundu ya ngaingai, kinywaji kikawa chekundu kama mwali wa mwenge kwenye bendera.

Florentin alifika mwezi wa kwanza, wakati mizabibu ya kwao imelala kwa baridi. Alikuwa mzee mfupi, mgongo umepinda, vidole vimekakamaa kama mizizi. Toka uwanja wa ndege alipanda gari pamoja na Kabongo, na njiani alizungumza Kifaransa polepole.

"Mizabibu ya mteremko wetu aliipanda babu yangu. Mvua ikiteremsha udongo, tunaukusanya chini na kuurudisha juu, mgongoni. Kila kisiki nakijua. Vinazaa kidogo, kwa sababu ni vizee, lakini kidogo hicho, bwana, hakisemi uongo. Mwanangu anauza magari. Mimi sijawahi kuondoka kilimani hata wiki moja. Ila barua yenu ilisema kuna mizabibu ya umri ule huku. Nikasema, kabla sijafa, nikawaone ndugu wa mizabibu yangu."

Kabongo alitazama nje ya dirisha. Alitaka kusema kitu. Alimkumbuka Bitota, akasema kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Kilimani walipokelewa kwa ngoma. Florentin alisimama mbele ya mche wa kwanza, akavaa miwani, akaisoma kadi yote. Akagusa jani. Akatazama juu ya kilima, kisha chini, kisha upande, ambako udongo ulikuwa bado na alama za vikapu. Uso ukamsawijika, akavua miwani.

Mwanvua ndiye aliyemsogelea, na glasi. "Kunywa, baba. Umetoka mbali."

Akanywa. Akanywa tena, na macho yakafunguka kidogo.

"Nani ametengeneza hii?"

"Mimi," alisema Kamishna Banza upesi. "Toka kupanda hadi chupa. Kwa mikono yangu."

Florentin aliitazama mikono ya Kamishna, laini, yenye pete tatu. Kisha akaitazama ya Mwanvua, ambayo kucha zake zilikuwa bado nyekundu kwa ngaingai. Akaomba kitabu cha wageni, akaandika bila haraka:

"Hii si divai. Lakini ni kinywaji cha kweli, na aliyekitengeneza ana kipaji kikubwa. Kumweka mtu huyu ofisini ni kumpoteza. Apewe jembe, kibanda juu ya kilima, na asiitwe tena kwenye mkutano wowote. Ndivyo nilivyoishi mimi miaka hamsini."

Halafu akaketi chini na Mwanvua, wakazungumza kwa vidole juu ya ngaingai hadi saa ya ndege ilipofika.

Kamishna alisoma hadi kwenye neno kipaji, akafunga kitabu. "Peleka telegramu Kinshasa!"

Kabongo alikuwa amesoma hadi mwisho. "Mukubwa, nitume yote? Hata hii ya jembe?"

"Yote! Unataka kunipunguzia sifa?"

"Hapana, mukubwa," alisema Kabongo. Akatuma yote, na nukta zake.

Jibu lilitoka redioni baada ya wiki tatu. Kwa kutambua kipaji kilichothibitishwa na mtaalamu wa nje, sitwayeni, yaani mwananchi, Banza ametuliwa mzigo wa ukamishna na kupandishwa cheo kuwa Mkulima Mkuu wa Kilima, makazi papo hapo. Cheo cha namna hiyo hakikataliwi, hupongezwa tu. Kamati ilimpongeza, ikamkabidhi jembe, na katika kikao hicho hicho ikatenga ukanda wote wa chini ya kilima kuwa eneo la kinga la karanga, chini ya uongozi wa mama Mwanvua.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku nne, kilima kikaanza kuteremka. Siku ya tano, kulipopambazuka, Kabongo, ambaye barua yake ya Obokote haikupata tarehe, akienda stesheni alimwona Banza, suruali imekunjwa magotini, kikapu cha udongo kichwani, akipanda na kuteleza, akipanda na kuteleza. Mwanvua alikuwa amesimama katikati ya karanga zake, mikono kiunoni.

"Baba, usipande moja kwa moja. Pita pembeni. Na hicho kikapu, mbona iko nusu? Rudia, ujaze."

Banza alisimama, akahema, akashuka kukijaza udongo.

"Ndiyo, mukubwa," alisema.