Vita vya Zamda binti Sabiri na Neno "Sijambo"

Jongeeni, enyi watu wa Handeni na Korogwe, mlioko juu Vugiri ndani ya ukungu na mlioko chini Mashewa ndani ya mahindi. Anayemenya muhogo na aweke kisu chini. Anayebishana juu ya mpira na ayameze maneno yake mpaka nimalize. Nasimulia vita vikubwa, vilivyopiganwa siku ya Jumatano ndani ya chumba chenye viti viwili na feni mbovu, ambamo haikumwagika damu yoyote isipokuwa ile iliyovutwa maabara, kichupa kimoja.

Shujaa ni Zamda binti Sabiri wa Handeni, Mshika Mwiko Mrefu, Amiri wa Masufuria, ambaye kwa miaka ishirini hapakuwa na arusi wala hitima mtaani kwake iliyolishwa bila amri yake. Mafiga yalimjua. Moshi ulimpisha.

Adui wa kwanza aliitwa baridi yabisi. Alikuja alfajiri bila tarumbeta, akateka vifundo vya vidole kimoja baada ya kingine, akapiga kambi viganjani, hata mwanamke aliyekuwa akisonga ugali wa watu mia mbili akawa hawezi kufunga kifungo cha gauni lake mwenyewe kabla ya saa nne. Ndipo kliniki ya Korogwe ikamletea jeshi la msaada: vidonge vinne vidogo vya manjano, kila Ijumaa, jina lao methotreksati. Navyo vilipigana kiume. Mwezi wa tatu vidole vilifunguka, na mwiko ukarudi kwa mwenyewe.

Lakini jeshi lile la msaada nalo lilipora. Kila Jumamosi tumbo lilimwinukia, akatapika mpaka jioni, na kinywani vikaota vidonda, kwenye ulimi na ndani ya mashavu, hata chai ya vuguvugu ikawa mateso. Kwenye hitima ya jirani alionja pilau asisikie kitu ila kuungua, akaongeza chumvi kwa kukisia. Watu walikula kwa adabu kubwa, wakamaliza madumu matatu ya maji, na hakuna aliyesema neno. Zamda aliielewa maana ya kimya kile.

Mbona basi hakumweleza daktari? Mara tatu alikwenda ameapa kusema, na mara tatu alirudi ameshindwa. Sababu moja aliificha hata kwa mumewe: aliogopa kwamba akisema, vidonge vitaondolewa na vidole vitafunga tena. Sababu ya pili ni malezi. Daktari Edna, mtu wa umri wa binti yake, humwinukia kitini, humwamkia, humuuliza hali, habari za nyumbani, habari za mashamba. Na Zamda, aliyelelewa na watu, hakuweza kumjibu mwenye adabu namna hiyo kwa habari za matapishi. Akajibu sijambo. Akajibu nzuri. Akajibu namshukuru Mungu. Na daktari akaandika.

Kabla ya safari ya nne, mumewe Hashim, mkulima wa mahindi na mtu wa maneno machache makali, alitangaza mazoezi ya kivita. Akaketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajitanda taulo jeupe mabegani, akawa daktari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mume wangu."

"Mimi ni daktari. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umeshakufa," akasema Hashim. "Toka nje, uingie tena."

Akatoka, akaingia. Alikufa mara sita kabla ya adhuhuri. Mara ya saba alifika hadi "sijambo, ila", akaona haya, akamalizia kwa kuuliza hali ya watoto wa daktari. Hashim akavua taulo. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi humwona anavyoshika ukuta, na kwamba yeye hakumuoa Amiri wa Masufuria ili awe anakula peke yake.

Ikafika Jumatano. Zamda alipanda gari la asubuhi mpaka Korogwe, akapewa nambari kumi na tisa, akaketi kwenye benchi akiunoa ulimi wake wenye vidonda. Akaitwa.

Daktari Edna akainuka kitini. "Shikamoo mama. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo, mwanangu."

Ngome ilisimama vilevile. Akaulizwa habari za nyumbani, akasema nzuri. Akaulizwa mashamba, akasema mvua imejitahidi. Akaulizwa vidonge vinakwendaje, akasema vizuri, namshukuru Mungu. Daktari akafungua faili, akashusha kalamu. Kutoka upande wake wa meza, Zamda aliyasoma maandishi yakiwa kichwa chini: mistari mitatu ya safari tatu. Anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri. Na kalamu ilikuwa imeshaandika "Anaen".

Hapo binti Sabiri alisimama. Akaunyosha mkono wake, ule uliokombolewa, akauweka juu ya karatasi.

"Daktari, salamu zimekwisha," akasema. "Sasa nasema. Mimi si mzima. Jumamosi natapika mpaka naishiwa nguvu. Mdomo wangu wote ni kidonda; nimewalisha watu chumvi kwenye hitima ya marehemu, nao wakanionea huruma wasiseme. Lakini mikono hii nimeipata kwa vidonge hivyo hivyo, na siirudishi. Ukinipokonya, nitakalia kiti hiki mpaka mfunge kliniki."

Edna akaweka kalamu chini. Akasema kwamba habari za vidonge alimuuliza safari zote nne.

"Nilidhani bado tunasalimiana," akasema Zamda.

Daktari akamwomba afungue kinywa, akamulika tochi, akatazama kwa muda mrefu kuliko salamu zote. Kisha akaeleza kwamba vidonda vya namna hii si vya kuvumilia. Methotreksati inakoma leo, na leo hii damu ipimwe, pamoja na ini. Majibu yakiwa mazuri ataanza salfasalazini, kidogo kidogo, baada ya kula. Dawa hiyo hukawia wiki nyingi kushika, na katikati vidole vinaweza kununa, hivyo atapewa ya kuvituliza. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, asikimbilie kwa mganga.

"Sikupokonyi mikono, mama. Nakubadilishia askari."

Zamda akazifikiria zile wiki nyingi. Akavitazama vidole vyake kama mtu anayewaaga vijana wanaokwenda safari.

"Andika," akasema.

Daktari akakata ile "Anaen", akaandika. Zamda akaomba asomewe.

"Mgonjwa analalamika," akasoma Edna, "vidonda vya kinywa na kutapika."

"Rudia pale mwanzo."

"Mgonjwa analalamika."

Kinywa kilipona wiki ya tatu. Vidole vilinuna kweli, na kwa mwezi mzima na zaidi Hashim ndiye aliyefunga vifungo vya gauni, vibaya, kimoja juu kimoja chini, mpaka dawa mpya iliposhika. Wako watakaoanza kuhesabu ushindi hapo. Masimulizi haya yanauhesabu tangu Jumatano ile, saa tano na dakika kumi, mwanamke wa Handeni mwenye adabu zake zote alipoandikwa mlalamikaji, akatoka nje ameinua shingo, akawapita wagonjwa kumi na mmoja waliokuwa kwenye benchi wakiulizana hali, na kila mmoja wao alikuwa hajambo.