Tangi Lililolala

Jumatatu, tarehe 6

Na ijulikane kwa wote, walio hai na watakaozaliwa: kuanzia leo saa nne asubuhi, mimi sihesabu tena soksi. Soksi atahesabu mtu mwingine. Mimi ni mtu wa mashine.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe, mwenye hiki kiwanda cha kufulia, mwenye chumba tunacholala mimi na mke wangu, na mwenye sauti inayopenya tofali, amenunua mashine ya kulainisha maji. Maji ya kisima chetu ni magumu. Sabuni haitoi povu. Taulo zikikauka zinasimama zenyewe kama mbao. Boila limeota magamba ndani kama mamba. Hoteli inayotuletea mashuka imechoka, na Jumamosi mkaguzi wao, Madamu wa Mashuka, anakuja kupapasa. Akikuta mashuka bado yanakwaruza, wanahamia kwa dobi mwingine. Mama amesema waziwazi: hoteli ikiondoka, anafunga, na kila mtu, awe mtoto awe mkwe, atajua mwenyewe pa kulaza ubavu.

Aliposema "mkwe" aliniangalia mimi. Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, dereva wa gari la kusambaza nguo, yeye hakuangaliwa. Ndiye anayetajwatajwa kuwa msimamizi. Anapiga mluzi siku nzima kama mtu aliyekwisha kuteuliwa.

Mama akauliza nani ataifunga mashine. Mwanyumba akakohoa, kikohozi cha mtu anayetaka kusema. Nikamuwahi. Nikasema nimeshazifunga mbili kama hizo, tena kubwa zaidi. Mdomo ulisema wenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake, nausikiliza.

Jumanne, tarehe 7

Nimefungua maboksi. Matangi mawili marefu, yamesimama kama askari waliokatazwa kucheka. Kichwa kimoja chenye kioo cha namba, cha kuyaongoza yote mawili. Pipa la plastiki. Na magunia ya chumvi. Chumvi! Nilidhani muuzaji anatutania. Kitabu kinasema ndani ya matangi mna shanga ndogo za rangi ya asali, zinanyonya ugumu wa maji, na zikishiba zinaoshwa kwa maji ya chumvi. Mama aliuliza mara mbili kama nina hakika kwamba chumvi inaingia kwenye mashine ya kufulia mashuka meupe ya watu. Nikasema hakika kabisa, Mama.

Mabomba yana mishale. Nikaifuata mishale kwa moyo wote. Nikiwa nakaza bomba la mwisho, Bi Pasi, mkuu wa wanawake wa pasi, akapita na kapu lake akauliza, hivi baba, maji yanaingia kwa kupitia mkiani? Nilikuwa nimefunga kinyume. Nikamwambia nilikuwa namjaribu kama ana macho, huku nikiyageuza mabomba. Akasema anayo, na anayatumia, tofauti na wengine.

Jioni nikasoma kitabu. Ukifunga kinyume, shanga zote zinakimbilia kwenye mabomba na kutokea kwenye kila bomba la nyumba. Nikamwona Mama anakunywa glasi ya shanga. Sikula.

Jumatano, tarehe 8

Siku ya kuiwasha. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio, na mimi nimejiandaa kwa kicheko. Kitabu kinasema koki ifunguliwe polepole, robo kwanza, hewa itoke. Hakisemi mfunguaji asimame wapi. Nilisimama nje ya mlango, nikaisukuma koki kwa mpini wa ufagio.

Tangi likakohoa. Likapiga chafya. Likatetemeka mwili mzima kama mtu aliyeambiwa habari mbaya. Mwanyumba alikuwa uani na mwavuli wazi, hakuna mvua. Nilipomuuliza mwavuli wa nini, akasema wa kazi yako, mwanyumba.

Maji ya kwanza yakatoka rangi ya chai. Nikajua basi. Nikaanza kufikiri tutakakohamia, na kama godoro letu litaingia kwenye mkokoteni mmoja. Kumbe ni kawaida, yamwagwe tu mpaka yatakate. Yakatakata. Bi Pasi akatia sabuni kidogo, povu likampanda hadi viwikoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akacheka. Nimeishi naye miaka yote hii sijapata kuona meno yake ya nyuma. Yamenitisha.

Mambo mawili yananiondolea raha. La kwanza: kwenye kioo kuna namba, na kila tukitumia maji inapungua. Ikifika sifuri inakuwaje? La pili: kitabu kinasema tangi moja hutumika, lingine husubiri. Linasubiri nini? Ukurasa unaofuata una picha ya mtu na umeme kifuani. Nikakifunga kitabu.

Mchana Madamu akatokea bila taarifa. Akapapasa taulo moja, kwa bahati mbaya ya Jumatatu, yaani ya maji ya zamani. Akakunja pua. Akasema atakuja Jumamosi kama alivyoahidi, lakini tusimtegemee sana. Nikamsindikiza hadi getini nikimwomba msamaha kwa niaba ya taulo. Akalalamika kwamba hata nyumbani kwake maji ni yaleyale, yanamla nywele, yanaua birika. Akasema angempata mtu wa kumsaidia, moyo wake ungelainika.

Aliniangalia. Nikaangalia matangi kupitia dirishani. Moja linafanya kazi. Lingine limelala.

Alhamisi, tarehe 9

Nimelitoa.

Hoja zangu, nikishtakiwa: Mama mwenyewe hamvumilii mfanyakazi anayesubiri tu. Na ni kwa ajili ya kuokoa mashuka ya hoteli. Na naogopa kulala nje.

Watu walipokwenda kula mchana nikafungua mipira miwili ya maji ya tangi lililolala. Kwenye kichwa cha mashine yakabaki matundu mawili. Nikayaziba kwa vizibo vya mti nilivyochonga, nikavifunga mpira wa baiskeli. Hakuna hata tone. Ushahidi tosha kwamba halikuwa na kazi. Mkokoteni ukalibeba chini ya mashuka machafu hadi kwa Madamu. Nikamfungia kwenye bomba la jikoni. Akanawa uso, akaguna kwa raha, akaniita mwanangu.

Tatizo likabaki pale liliposimama tangi: pengo. Mama ana macho ya kuhesabu foronya gizani. Nikachukua godoro la wageni stoo, nikalikunja, nikalisimamisha mahali pa tangi, nikaufunika mtambo mzima kwa mashuka, nikaacha kioo tu. Nikatangaza kwamba vumbi ni adui wa mashine. Mama akasema umefikiri vizuri, mkwe wangu. Neno "wangu" halijawahi kutoka kinywani mwake. Nikashikilia ukuta.

Ijumaa, tarehe 10

Wanawake wa pasi wanakataa kukaa upande ule. Bi Pasi anasema hayo si matangi, ni maiti wawili waliosimama, na yule wa kushoto amenenepa tangu jana. Mwanyumba akaja, akamtazama wa kushoto, akamzunguka. Akasema mbona huyu mlaini. Nikamwambia ni mashine ya kulainisha, alitaka iwe ngumu? Akaondoka akipiga mluzi, lakini mluzi wa mawazo.

Namba inazidi kushuka. Nimejaribu kuipunguza kasi. Nikawaambia wafuaji suuza moja inatosha. Nikafunga bomba la uani. Nikamkataza mke wangu kuoga. Akasema mume wangu, tangu uwe mtu wa mashine umekuwa mtu wa ajabu, na soksi zilikufaa. Nikatamani kumwambia. Nikamwangalia, nikakumbuka yeye ni mtoto wa nani.

Jumamosi, tarehe 11

Naandikia chooni. Mlango nimeukomea.

Madamu alifika na nywele zinang'aa, zinacheza kila akigeuka. Mashuka yote ya hoteli yalikuwa mashineni, maji yanakwenda kama mto. Mama akamwongoza hadi kwenye mtambo, akasema ajionee. Mimi nilikuwa naangalia kioo. Namba ilikuwa ndogo sana. Nikapendekeza waende wakaone kamba za kuanikia. Nikasifu kamba. Mama akasema nitulie.

Sifuri.

Mashine ikanguruma. Kumbe hiki ndicho lilichokuwa linasubiri! La kwanza likichoka linakwenda kuoshwa kwa chumvi, maji yote yanageuziwa la pili. Na la pili liko jikoni kwa Madamu.

Kizibo kimoja kikaruka kama risasi, kikavunja taa. Cha pili kikampiga mwanyumba kikombe cha chai mkononi, akabaki na mkono wa kikombe tu. Maji yakapaa. Shuka la mbele likaruka, na hapo mbele ya watu wote likasimama godoro la wageni, la maua mekundu, linakunywa maji, linavimba, likaanza kujikunjua taratibu kama mtu anayeamka, likamwangukia Madamu. Wanawake wa pasi walipiga yowe moja na kutoka. Mimi nilikuwa tayari chini ya meza.

Mwanyumba ndiye aliyefunga koki kuu. Naandika kwa uchungu.

Maji yanatiririka sakafuni. Mama akauliza tangi liko wapi. Hakupaza sauti, na hilo lilinitia baridi kuliko maji. Nikatoa kichwa chini ya meza nikamtazama Madamu. Madamu, amelowa hadi viatu, akanitazama mimi. Nikaona kitu kwenye macho yake ambacho nakijua vizuri maana ninacho siku zote. Alikuwa anaogopa. Akisema liliko, itambidi aseme na kwake limefikaje.

Akajifuta uso. Akasugua vidole. Akasema maji ameyapima mwenyewe, kwa mwili mzima, ni laini, hana neno, hoteli itaendelea kuleta mashuka kila Jumatatu, wampe kalamu. Akatia saini karatasi ya hoteli juu ya pasi baridi, akaondoka haraka bila kudai taulo.

Mama anagonga mlango wa choo. Anagonga taratibu.

Jumatatu, tarehe 13

Bado tunalala ndani.

Mama ameita kikao. Amesema tangi limeibwa. Amesema mwizi huyo ni wa ajabu, anajua godoro la wageni linakowekwa na nani ana funguo. Alisema hayo akinitazama kwa upole. Afadhali angenipiga. Amesema tangi likirudi hatauliza lilikwenda wapi. Lisiporudi, atauliza.

Mwanyumba ndiye msimamizi. Amenunua kikombe kipya na anakinywea chai mbele yangu. Mimi nimepewa kiti, nikae mbele ya tangi lililobaki kutwa nzima, nililinde lisiibwe. Bi Pasi anapopita anasema fisi amepewa bucha. Linapooshwa, wafuaji wote wanasimama kuningoja, kana kwamba mimi ndiye ninayeoga.

Jumatano, tarehe 15

Nilikwenda kwa Madamu kudai tangi. Kwa heshima zote, nikaanzia mbali, habari za watoto, habari za kazi. Akasema tangi lipi. Majirani watatu walikuwa kwenye foleni na ndoo zao. Akanikumbusha kwamba saini ikiingia inaweza kutoka. Nikamuaga. Nilifika nyumbani nimekimbia nusu ya njia, hakuna aliyenifukuza.

Jumapili, tarehe 19

Madamu ametuma salamu. Tangi lake limekwisha nguvu. Povu hakuna, nywele zimekuwa ufagio, majirani wanamcheka. Anataka tangi lenye uhai leo hii, la sivyo ataanza kukumbuka mambo mbele ya Mama.

Nilizunguka uani hadi saa sita. Halafu nikatulia, maana nimeona njia, na ni njia safi kabisa. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa godoro. Safari hii hakuna godoro. Nampelekea hili ninalolilinda, narudisha lake lililochoka, nalisimamisha palepale. Yanafanana kama mapacha. Likisimama hapa litapumzika na nguvu zitarudi zenyewe. Mtu akichoka si hulala? Mama ataona tangi, mwanyumba ataona tangi, mlinzi ni mimi. Na Madamu akichoka na hili, nabadilisha tena.

Leo kiwandani hakuna mtu. Mkokoteni uko getini. Mpira wa kwanza umeshafunguka.

Kesho ni siku ya mashuka ya hoteli.