Mtutu Mpya na Kiti cha Mshindi

Jumatatu, 13 Oktoba 1958

Mtutu umefika! Umetoka bohari ya jeshi, umeviringishwa karatasi na kupakwa grisi nzito. Haukuja mapema. Bunduki yangu ilipigana vita vya kwanza vya dunia, na mtutu wake umelika hadi risasi zinatangatanga kama kondoo wasio na mbwa.

Jumamosi ni mashindano ya klabu yetu ya kulenga shabaha. Mshindi huketishwa kwenye kiti na kubebwa mabegani kuuzunguka uwanja. Kwa desturi, katibu hubeba mguu wa mbele wa kushoto. Katibu ni mimi. Tangu nichaguliwe nimembeba Polkinghorne, muuza nyama, na kila mwaka anazidi kunenepa. Mwaka huu nitabebwa mimi.

Shida ni moja. Anayefunga mitutu hapa mjini ni Hentschke, naye amemwoa dada yake Polkinghorne. Nilipomwomba, alisema ana kondoo wa kukata manyoya, nisubiri wiki ijayo. Wiki ijayo! Njama ya mchana kweupe. Nitaufunga mwenyewe. Ni skrubu tu, ila kubwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Grisi ilikataa kutoka. Nikauchemsha mtutu katika sufuria kubwa ya shaba ambayo mke wangu Hesba hupikia pudini ya Krismasi. Aligundua kwa harufu. Alisema Krismasi nitakula pudini ya bunduki, peke yangu, na niimalize.

Mtutu wa zamani haufunguki. Niliibana bunduki kwenye jiliwa lililofungwa mezani, nikairefusha spana kwa kipande cha bomba, nikaning'inia. Kilichofunguka ni jiliwa, pamoja na ubao wa meza. Nililala sakafuni kwa muda nikikiwaza kiti.

Jumatano, 15 Oktoba

Umetoka! Ulipiga ukelele uliowaamsha kuku wa jirani. Mpya ukaingia vizuri, kisha ukagoma kabla ya kukazika hadi mwisho. Nilivuta hadi macho yakaona nyota. Wapi!

Kwa hiyo kilengeo cha nyuma, ambacho kimefungwa kwenye mwili wa bunduki, kimesimama wima. Cha mbele, ambacho kiko kwenye mtutu, kimeegama kulia. Kidogo. Kidogo sana. Hesba alipita na nguo za kuanika, akasema kimeegama kama uzio wa kanisa. Nilimjibu kwamba uzio wa kanisa haujaanguka. Akasema, bado.

Halafu hofu ikanishika. Mtutu usipokaa sawasawa, pengo hubaki nyuma ya risasi, na bunduki huweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Kipimo cha pengo hilo anacho Hentschke. Sikuweza kunywa chai. Nikajitazama kiooni. Si uso mzuri sana, lakini nimeuzoea.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata hila. Niliifunga bunduki kwenye tairi la trekta, ikielekea rundo la mchanga. Kamba ndefu ikatoka kwenye kifyatulio hadi nyuma ya banda. Nikasali, nikafumba macho, nikavuta.

Mlio! Nikajipapasa. Pua ipo. Nyusi zote mbili zipo. Nikatoka nikicheka.

Lakini nilikuwa nimeivuta kamba kwa pupa, na tairi lilikuwa limegeuka kabla ya mlio. Risasi haikuingia mchangani. Iliingia katika tangi la maji ya mvua. Na kiangazi hicho kinakuja! Niliziba tundu kwa kidole gumba, nikasimama hivyo hadi Hesba aliporudi kutoka kikao cha akina mama wa kanisa. Akauliza kama ninakusudia kukaa hapo hadi mvua zirudi. Kisha akaenda kuleta kipande cha sabuni cha kuzibia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kanuni inataka fundi aukague kila mtutu mpya. Hentschke alikuja na kipimo chake. Polkinghorne alikuja na soseji mdomoni. Hentschke alipima. Akapima tena. Kisha akacheka hadi kofia ikamwanguka: "Haitakulipua, mzee! Hesba, pole, utaendelea kuwa naye."

Nilikaribia kumbusu. Lakini akafumba jicho moja, akasema, "Ila kilengeo chako kimelewa. Niachie bunduki leo, kesho asubuhi utakikuta kimesimama wima."

Nimwachie! Mbele ya shemeji yake! Naye Polkinghorne akadakia, "Mwachie, Katibu. Sitaki kushinda kwa huruma." Basi nikajua ni njama ile ile. Nikaichukua bunduki yangu, nikaondoka.

Dawa ninayo. Kilengeo cha mbele kimeegama kulia. Nimekisogeza cha nyuma kushoto hadi skrubu ikaisha. Mizani. Pia nimejizoeza kuinamisha kichwa. Hesba aliniuliza kama nimelalia shingo vibaya.

Nimepanga shabaha, kwani hiyo ni kazi ya katibu. Mimi ya nne. Polkinghorne ya tatu, kushoto kwangu, nimwone akitokwa na jasho.

Jumamosi, 18 Oktoba

Risasi ya kwanza, safi. Bendera nyekundu ikapeperushwa: nimekosa. Upepo, bila shaka. Ya pili, safi zaidi. Bendera tena! Nikajua kwamba hata wakaguzi wa shabaha walio handakini wamenunuliwa.

Msimamizi akapaza sauti, "Katibu! Unapiga shabaha ya jirani!" Nilimwambia kwamba nilijua kuhesabu hadi nne kabla baba yake hajaoa. Nikaendelea.

Sasa, kanuni inasema hivi: shabaha ikikutwa na matundu mawili, mwenyewe huchukua lililo bora, na mgeni hupata sifuri. Najua, kwa sababu niliiandika mimi. Polkinghorne alikuwa akipiga ovyo, jua likimchoma machoni. Tundu lake pembeni, langu katikati. Tena na tena. "Asante, Katibu!" alikuwa akiniita. "Nyingine hapo hapo, ndugu yangu!" Nilidhani ananikejeli.

Ameshinda kwa pointi moja. Hentschke anasema vilengeo vyangu vilisukuma kila risasi kushoto, na bila mimi Polkinghorne angekuwa wa saba.

Kiti kikaletwa. Mguu wa mbele wa kushoto ukanisubiri. Tulipofika nusu ya mzunguko, sauti ikatoka juu: "Taratibu, Katibu. Upande wako umeegama."

Jumapili, 19 Oktoba

Bega limevimba. Sabuni imeachia, ndoo iko chini ya tangi, na Hesba hazungumzi nami ila kuhusu ndoo.

Hata hivyo nimetafakari kwa utulivu. Nimeiomba karatasi ya shabaha ya tatu. Risasi zangu zote ziko katikati; kisosi kingezifunika. Kwa hiyo mtutu hauna kosa, wala mpigaji hana. Kilichokosewa ni mahali pa shabaha. Nimeandika azimio la kikao kijacho: shabaha zote zisogezwe kushoto, ya nne isimame ilipokuwa ya tatu.

Hesba alilisoma. Hatimaye akazungumza. Akauliza kama na wanachama wengine wote waegamishe vilengeo vyao.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimeliongeza.