Kamati ya Mchezaji wa Pande Zote

Wananchi walitangaziwa asubuhi, kwa vipaza sauti na magari yenye bendera, kwamba ule ubishi uliokuwa ukigombanisha vinyozi na wateja wao sasa umechukuliwa rasmi na Serikali. Kuanzia siku hiyo ilikuwa marufuku kubishana barabarani kuhusu nani mchezaji bora wa kriketi wa pande zote nchini. Kamati ingebisha kwa niaba ya wananchi, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi.

Mwenyekiti wa Kamati aliipokea kazi kwa unyenyekevu mkubwa, yaani alishona suti mpya. Kriketi hakuijua kabisa, jambo lililompa sifa adimu ya kutoegemea upande. Alichokijua ni kwamba Waziri ana mpwa wake, kwamba mpwa huyo hucheza kwa mkono wa kushoto, na kwamba kiti cha Mkurugenzi kiko wazi.

"Kamati iko huru," Waziri alimwambia, akimshika bega. "Huru kama ndege. Ila ndege mwenye akili hakisahau kiota chake."

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

"Na uwanja wa nyumbani wa mshindi utakuwa Uwanja wa Taifa. Hautaguswa na mtu milele. Andika hiyo milele vizuri."

Mwenyekiti akaiandika vizuri. Uwanja wa mpwa ulipakana na hoteli ya mjomba, na hoteli inayotazamana na majani ya milele si haba.

Siku hiyohiyo aliidhinisha jambo jingine dogo. Nyuma ya Wizara palikuwa na kiwanja walichochezea kriketi wanawake. Wizara ilihitaji maegesho. Tingatinga lingeingia kazi ya Kamati ikishakwisha.

Kikao cha kwanza kilijadili maana ya pande zote.

"Pande ni nne," alisema Mzee Itifaki, aliyekuwa mjumbe wa kila kamati tangu kamati zianze. "Kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Mchezaji mmoja atatokaje kote huko bila posho ya safari?"

"Mzee wangu, ni mtu anayejua kupiga, kurusha na kudaka," alisema Bibi Takwimu, mjumbe pekee aliyewahi kutazama mechi hadi mwisho.

"Hizo ni pande tatu. Wa nne uko wapi?"

Mwenyekiti akakohoa kwa busara.

"Upande wa nne," alisema, "ni Serikali."

Wajumbe wakapiga makofi, kikao kikaahirishwa kwa chai.

Kikao cha pili kilivunjika. Nusu ya wajumbe walimtaka Kapteni mstaafu, nusu walimtaka Mpwa, na mjumbe mmoja alimwita mwenzake kichwa maji huku akiwa ameshika jagi. Ndipo Mzee Itifaki akatoa wazo ambalo baadaye alilikana.

"Kinachotuvuruga ni majina. Tuyafiche. Tusomewe kazi ya kila mchezaji, bila kujua ni nani."

Mwenyekiti akakubali mara moja. Kizuri chajiuza, na mkono wa kushoto haujifichi. Bibi Takwimu alitumwa kuzunguka viwanja vyote nchini, na waraka ulisema vyote, naye ni mtu wa kutii waraka. Aliporudi, majina aliyafungia kichwani mwake, kwa kuwa kabati za Wizara hazina kufuli.

Alisoma wachezaji mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti alikuwa anasinzia aliposikia:

"Mchezaji huyu hutumia mkono wa kushoto."

"Kushoto?" Mwenyekiti akakaa wima. "Rudia hapo, mama."

"Kushoto. Akipiga, mpira unatafutwa vichakani. Akirusha, vijiti vya nyuma ya mpigaji vinalala. Akidaka, hadondoshi. Fainali iliyopita alicheza akiwa hajalala, maana mtoto wake alikuwa na homa. Alikesha naye, asubuhi akaenda akashinda."

Mwenyekiti alishtuka kidogo. Hakujua kama Mpwa ana mtoto. Akaona ni siri ya familia ya Waziri, akaamua kuilinda kwa uzalendo.

"Mnaona?" alisema. "Huyu ni wa pande zote mpaka nyumbani! Nani mwingine hapa amekesha na mtoto?"

Wajumbe, wote wanaume isipokuwa mmoja, walitazama viatu vyao. Waliendelea kubishana hadi jua likashuka, lakini hoja ya mtoto haikujibika. Mchezaji wa mkono wa kushoto akapita.

Jioni Mwenyekiti alirudi nyumbani akiwa amechangamka. Mkewe alikuwa anaanua nguo, sare zake nyeupe za mazoezi. Kila Jumamosi alikuwa akimwambia, "Baba watoto, naenda mazoezi," na Mwenyekiti, aliyeamini kwamba mwanamke mwenye sare nyeupe hufanya mazoezi ya kwaya, hakuwahi kuuliza mazoezi gani. Mwanzoni mke alisubiri aulizwe. Alisubiri mpaka akazoea.

"Leo nimemtetea mtu, mama watoto," alisema Mwenyekiti. "Mchezaji wa ajabu! Anapiga, anarusha, anadaka. Halafu amekesha na mtoto mgonjwa, kesho yake akashinda fainali. Nilitaka kulia mbele za watu."

Mkewe alisimama, shati jeupe mkononi. "Anatumia mkono gani?"

"Kushoto."

"Ehe. Endelea."

"Nikawaambia, mtu kama huyu nchi imechelewa kumshukuru."

"Uliwaambia hivyo? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu huu."

Mkewe alilikunja shati polepole, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akauliza, "Na kile kiwanja cha nyuma ya Wizara? Ni kweli mnakichukua?"

"Kile si kiwanja, mke wangu. Ni majani ya akina mama wasio na kazi. Wataenda kwingine."

"Wapi?"

"Kwingine."

"Haya," alisema mkewe, akaingia ndani na nguo zake. Mwenyekiti akaona usiku huo chakula kimepungua chumvi, akadhani ni mambo ya afya.

Siku ya sherehe Waziri aliweka saini agizo la uwanja kwanza, mbele ya kamera, kisha akatangaza kwamba uamuzi wa Kamati hauna rufaa, na atakayeupinga ni adui wa michezo. Mpwa alikuwa amekwisha simama na kufunga kifungo cha koti.

"Mshindi," alisema Bibi Takwimu, "ni Mashoto, wa kiwanja cha nyuma ya Wizara."

Kutoka viti vya nyuma, vilivyopangiwa wake wa wajumbe, akainuka mwanamke mwenye sare nyeupe na mtoto begani. Alipofika mbele alimkabidhi Mwenyekiti mtoto.

"Mshike vizuri, baba watoto. Shingo."

Waziri alitabasamu kwa ajili ya kamera na kuongea bila kufungua meno. "Huyu ni nani?"

"Ni... ni mke wangu, Mheshimiwa."

"Umeniletea mwanamke?"

"Mheshimiwa, taarifa ilisema 'mchezaji'. Ilisema 'yeye'. Ilisema 'amepiga, amerusha, amedaka'."

"Na katika wajumbe wote hao hakuna aliyeuliza kama ni mume au mke?"

"Kiswahili hakikutudai tuulize, Mheshimiwa."

"Mimi nilijua," alisema Bibi Takwimu kwa upole. "Lakini haikuwa kwenye ajenda."

Tingatinga lililokodiwa kuvunja kiwanja lilijikuta limefika mahali pasipoguswa milele. Dereva wake, aliyekwisha lipwa, hakutaka kurudi bure, basi akashusha gurudumu la kushindilia na kulaza ardhi kati ya vijiti mpaka ikawa laini kama meza. Wanawake walisema hawajawahi kuchezea mahali pazuri hivyo.

Itifaki ikadai Waziri afungue Uwanja wa Taifa kwa kupiga mpira wa kwanza. Alivishwa kofia ya chuma na vikinga vya miguuni, akasimama mbele ya vijiti kama mtu anayesubiri basi. Mashoto alikimbia hatua zake, mkono wa kushoto ukazunguka. Waziri alifumba macho. Vijiti vitatu viliruka, kimoja kikamfuata Mpwa hadi kwenye hema la wageni.

Mwenyekiti, ambaye sasa hatakuwa Mkurugenzi wa kitu chochote, alitakiwa kuandaa taarifa kwa vyombo vya habari. Aliiandika kwa mkono mmoja, mtoto amemlalia kwenye mwingine, na kwa mara ya kwanza aliinua kichwa kila mkewe aliporusha mpira. Taarifa ilisomwa jioni redioni, nchi nzima ikisikiliza, vinyozi wakiwa wameshikilia mikasi hewani:

"Mheshimiwa Waziri, kwa moyo wake wa ukarimu, ameuruhusu mpira upite."