Ombi la Binti Yetu Kusukumwa Kama Wenzake

Kwako Mwalimu Mkuu, na kwako Katibu Muhtasi ambaye najua utaifungua bahasha hii kabla yake:

YAHUSU: BINTI YETU KUTENDEWA UBAYA SAWA NA WANAFUNZI WENGINE

Poleni na kazi ya kulea watoto wa watu. Sisi huku ni wazima, cherehani inazunguka, na nisingewachosha macho kama jambo lenyewe lisingekuwa zito.

Mimi ni yule fundi anayewashonea wanafunzi wenu sare, mlango wa pili baada ya duka la madaftari. Ni shangazi wa yule msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hapo shuleni mnamwita Maalumu. Nyumbani hatumwiti hivyo. Nyumbani tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu akiwa na miaka minne, ukimwambia "nakuja sasa hivi" hukuuliza sasa ipi na hivi vipi. Mama yake tulimzika mtoto hajaanza kutembea. Baba yake, kaka yangu, ni dereva wa malori. Wiki tatu yuko barabarani, ya nne amelala. Basi mtoto ni wangu, na mdomo huu ndio wa kumsemea.

Mtoto ana usonji. Neno hilo nimelijua mwezi wa nne, daktari aliponiandikia kwenye karatasi. Kabla ya hapo nilikuwa na maneno mengine, na mengi nilipewa na majirani bila kuyaomba.

Sikuandika kulalamika kwamba mnamtesa. Hilo mlishaliacha. Nalalamika kwamba mmeliacha kupita kiasi. Nitaeleza kwa namba ili pasiwe na wa kusema hakuelewa.

1. Kuhusu filimbi, palipoanzia yote. Siku ya kwanza ya kipindi cha michezo, Mwalimu wa Michezo alipuliza filimbi hatua mbili kutoka masikioni mwa mtoto. Kwa wengine filimbi ni sauti. Kwake yeye ni msumari. Akaziba masikio, akafumba macho, akachuchumaa. Mwalimu akaona kiburi. Akamwambia, "Wewe! Zunguka uwanja mpaka nikuambie basi!" Kisha akaenda kunywa chai, na chai ikawa na maongezi.

Mtoto akazunguka. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, anazunguka. Wenzake wakabeba mabegi, anazunguka. Saa kumi kasoro robo mlinzi wa geti akamkimbilia akiwa na funguo mkononi: "Binti, shule imefungwa!" Akamjibu bila kusimama, "Mwalimu hajasema basi." Ikabidi mlinzi ampigie mwalimu simu, mwalimu atamke "basi" kwenye spika huko alikokuwa, ndipo miguu ikasimama. Mizunguko ishirini na saba. Aliihesabu mwenyewe.

Kesho yake nilikuja ofisini kwako na futi ya kupimia ikiwa shingoni, hasira zilinisahaulisha kuivua. Mgala muue na haki mpe: mliomba radhi, tena vizuri, soda ikaletwa. Mwezi wa nne daktari akaandika barua, mkaisoma, mkatikisa vichwa kwa huruma. Na hapo ndipo shida ilipoanza.

2. Kuhusu kiti. Wiki iliyofuata mliweka kiti cheupe cha plastiki kwenye baraza, kivulini, mkamkalisha. Kipindi chote wenzake wanakimbia, yeye amekaa amepakata masweta ya darasa zima na ameshika saa ya mwalimu. Nilipita hapo kuleta sare, nikadhani ni mnada. Nikamwuliza Mwalimu wa Michezo kulikoni. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Shangazi, sisi tunampenda sana. Ndiyo maana hatumgusi."

Nikamwambia, "Mwalimu, hata mimi kabati langu la vyombo nalipenda."

Hakunielewa, au alinielewa akaona heri asinielewe. Mwalimu Mkuu, mtoto anataka kucheza. Macho yake yanafuata mpira kutoka kona hii hadi ile; nimemwona mimi kwa macho yangu haya.

3. Kuhusu kuchagua timu. Zamani makapteni wawili walikuwa wanasimama mbele na kuchagua mmoja mmoja, na binti yetu alibaki wa mwisho kila mara. Makapteni wakawa wanasukumiana: "Mchukueni ninyi." "Aa, sisi tulimchukua juzi." Nilikuwa naona ule ni ukatili. Naomba radhi kwa mawazo hayo. Wa mwisho naye ana namba yake. Wa mwisho huitwa jina, hata kama ni kwa kuguna. Sasa makapteni wakimaliza kuchagua, jina lake halitajwi, wala hakuna anayeguna. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Wetu hata mpira wa pete wenyewe haumfikii. Mtoto anataka aitwe, japo kwa kuguna.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Nililiandika nikiwa na hasira, na lilimhusu mke wa Mwalimu wa Michezo, ambaye hana kosa lolote isipokuwa lile moja la kuolewa naye.

5. Kuhusu nguo. Fulana zenu za michezo ni za nailoni na lebo zake zinakwaruza. Mtoto alikuwa akivaa anajikuna shingo mpaka inatoka alama. Mimi fundi nikamshonea ya pamba laini, rangi ile ile, mishono yote nimeigeuzia nje. Mkaikataa: "Sare ni sare, Shangazi." Sawa. Ilipokuja barua ya daktari, Mwalimu wa Michezo akamwambia anaweza kuvaa chochote, hata gauni la kulalia. Mwalimu Mkuu, nataka nijue: katikati ya nailoni na gauni la kulalia, hapakuwa na nafasi ya kuweka fulana moja ya pamba?

6. Kuhusu mechi. Hili lisomeni polepole. Siku darasa lake lilipokutana na darasa la jirani, msichana mmoja aliumwa na tumbo, wakabaki sita na timu ni watu saba. Mwalimu akakuna kichwa, akatazama kile kiti. Akamwita mtoto, akamwonyesha mfungaji wa upande wa pili, msichana mrefu kama mlingoti. Akasema, "Unamwona yule? Mkabe. Akienda uende, akirudi urudi. Usimwache."

Hakumwacha. Mpira uko huku, yeye yuko kwa Mrefu. Mpira umetoka nje, yeye yuko kwa Mrefu, kwa umbali ule ule wa sheria ya mchezo, futi tatu, kama nimempimia mimi. Yakaja mapumziko. Mrefu akaenda bombani, akaenda naye. Mrefu akaenda chooni, akasimama mlangoni. Ikasikika sauti kutoka ndani: "Mwalimu! Mwambieni aniache, jamani, mimi nakojoa!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Binti yetu akageuka akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mechi imekwisha?"

Mrefu hakufunga goli hata moja siku ile. Darasa la mtoto wetu likashinda mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Na thawabu yake? Wiki iliyofuata alirudishwa kwenye kiti, kwa sababu, nanukuu, "anazidisha". Mimi nimecheza mpira wa pete miaka sita, nilikuwa mlinzi, nikaitwa Kufuli. Nimevunja kidole, nimevunja na vidole vya wenzangu. Hakuna aliyewahi kuniambia nimezidisha. Mtoto anataka kuwa mlinzi, ni damu, ni ukoo, na ninyi mnaizuia damu.

7. Kuhusu kikombe. Hapa ndipo penye kidonda.

Siku ya michezo, mbele ya wazazi, mlimwingiza kwenye mbio za mita mia mbili. Nilisimama kwenye kamba nikiwa na leso mkononi. Sikujua kwamba wasichana wengine saba walikuwa wamenong'onezwa. Filimbi hamkupuliza, mlishusha bendera; kwa hilo nawashukuru. Akatoka vizuri. Akaongoza. Halafu, hatua kumi kabla ya utepe, akasimama. Alikuwa hasikii miguu nyuma yake. Akageuka, akawaona wenzake wanatembea kama wanaosindikiza bibi harusi. Akawauliza, "Kuna nini? Mmeumia?"

Msichana mmoja akamjibu kwa meno yaliyofungwa, "Pita wewe, tunakuachia."

"Kwa nini?"

Wazazi wote wanapiga makofi, yeye ameziba masikio, wenzake wamesimama, utepe umenyooka na hakuna wa kuukata. Mwishowe Mwalimu wa Michezo alimshika begani akampitisha. Mgeni rasmi akampa kikombe kilichoandikwa Kombe la Ujasiri. Mtoto akamwuliza, "Ujasiri wa kufanya nini?" Mgeni rasmi akacheka, akainama, wakapigwa picha.

Alipofika nyumbani aliingia chini ya meza yangu ya kukatia, kwenye mabaki ya vitambaa, akalala hapo. Alikaa humo Jumamosi yote, na Jumapili mpaka jioni. Nilimpelekea chakula humo humo chini, nikakaa sakafuni. Mimi mwanamke mwenye maneno mengi, Mwalimu Mkuu, siku ile sikupata hata moja.

Jumatatu alikirudisha kikombe mezani kwa Katibu Muhtasi, pamoja na karatasi: "Mbio za mwezi wa pili nilikuwa wa nane. Mwezi wa tatu nilikuwa wa sita. Juzi nimekuwa wa kwanza. Haiwezekani. Mpeni aliyeshinda." Nanyi mkakiweka kwenye kabati la kioo, mkabandika jina lake. Mcheza kwao hutunzwa, nakubali. Lakini aachiwe kwanza acheze.

8. Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, kwa unyenyekevu wote:

Kwamba binti yetu asukumwe. Si zaidi ya wenzake, wala si pungufu. Akianguka aambiwe "inuka", asiitiwe machela. Kwamba achaguliwe wa mwisho mpaka atakapostahili kuchaguliwa wa kabla ya mwisho. Kwamba akikosea agombezwe kwa kosa alilofanya, si kwa lile mlilolidhania. Filimbi ipulizwe mbali. Katika hilo sina mzaha. Na Jumamosi ijayo, kwenye mechi na shule ya jirani, awe miongoni mwa wale saba wa kwanza, kwani mtoto anataka hivyo kuliko kitu chochote.

Mkishindwa, basi tutumie hesabu yenu wenyewe. Anayefuata maelekezo mmemweka kando kwa sababu anayafuata. Wasioyafuata hawana sababu ya kubaki, maana hao wamekosa hata hilo. Waondoeni wote. Abaki Mwalimu wa Michezo peke yake uwanjani, ajipasie, ajikabe, ajifunge, ajipulizie. Akichoka, kiti kipo. Akae muhula mzima, apakate masweta, tupite mmoja mmoja tumwambie tunavyompenda.

Nimemaliza, ila sijaridhika. Msalimieni Mwalimu wa Michezo, suruali yake iko tayari na nimeishona vizuri, maana kazi ni kazi. Msalimieni mlinzi wa geti, mwenye akili kuliko wengi hapo. Msalimieni yule Mrefu na mama yake. Katibu Muhtasi, nawe pokea salamu zako, maadamu umefika mpaka hapa.

Ni mimi niliye radhi kuja tena nikiitwa, na hata nisipoitwa,

Fundi Cherehani,
Shangazi wa Hakimu.

Nyongeza: Mimi shule niliiacha mapema, basi kabla ya kuifunga bahasha nilimpa mtoto aisome, anirekebishie herufi. Alirekebisha kumi na moja. Kisha akaiweka juu ya cherehani akasema, "Shangazi, umeandika 'mtoto anataka' mara nne. Nilikuambia lini?"

Nikamwambia, "Si nilikuona unafuata mpira kwa macho?"

Akasema, "Nilikuwa naangalia mpira usinipige."

Nikaketi. Nikamwuliza, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, kama anataka kucheza mpira wa pete. Alifikiri mpaka pasi yangu ikapoa. Akasema, "Hapana. Sikuwahi kuupenda. Watu wengi wananigusa, na wote wanapiga kelele jina moja, la mwenye mpira."

Mwalimu Mkuu, nimewatukana kurasa nne kwa kutomwuliza, kumbe nami nilikuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Barua yangu mnaweza kuifutia ubao. Ameandika yake, nimeiweka kwenye bahasha hii hii. Ni fupi, basi nainakili hapa isije ikadondoka:

"Mwalimu Mkuu. Kipindi cha michezo naomba niruke kamba, nyuma ya maktaba. Kamba ninayo. Mtu akitaka kuruka na mimi, aniulize kwanza."