Mgeni wa Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kaja tena. Saa kumi na moja jioni kamili, nami ni fundi saa, sikosei. Kwanza baridi mgongoni, kisha homa, kikohozi kikavu, kifua kubana. Kama mtu aliyeingia bila hodi akaketi juu ya mbavu zangu. Asubuhi hayupo. Wiki ya tatu hii. Mke wangu asema ni mafua. Mafua hayana ratiba. Namshuku Fundi Cherehani, jirani yangu wa kibarazani, tangu kabati langu la saa limzibie mwanga. Ana macho ya kupima watu hata ambao hawamshonei chochote.

Jumanne, 4 Machi
Hila. Saa zote za humu ndani nimezisogeza mbele kwa masaa mawili. Mgeni akifika, atakuta jioni imeshampita. Siku nikaiendesha kwa saa mpya: chai, kufagia banda saa tano asubuhi, kazi. Banda ni chumba cha nyuma. Njiwa kumi na wanne, siri kubwa, maana mkataba wa nyumba umekataza ndege. Bahati nzuri Mwenye Nyumba hasikii vizuri.
Kaja saa kumi na moja. Ya saa zangu.
Nimekaa nikiutazama ukuta. Kwa hiyo yumo humu humu, na anajua kusoma saa.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kanipeleka kwa daktari. Ngazi kumi tu, nikafika juu natweta kama nimebeba kabati. Daktari kanisikiliza mgongoni. Kasogeza kipimo, kasikiliza tena. Akasema huko chini, pande zote mbili, anasikia kama karatasi kavu inakunjwa. Nikauliza nani anaikunja. Akauliza yeye: kazi gani, nyumbani kuna ukungu ukutani, nyasi kavu, ndege?
Nesi aliyeshika faili ni binti wa Mwenye Nyumba. Nikasema ndege nawaona angani, kama watu wote. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Jumamosi, 8 Machi
Picha ya kifua, kwa mashine kubwa. Daktari kanionyesha mapafu yangu: ukungu mweupe umetanda ndani, kama mtu amepumulia kioo. Si kifua kikuu, nimeshapimwa. Kuna kitu navuta, asema, nami simwambii. Ameniamuru nikakae kwa dada yangu siku nne, nisibebe hata shati la nyumbani.

Jumatano, 12 Machi
Kwa dada. Kila jioni nimeketi mlangoni kumsubiri. Hajatokea. Leo nimepanda ngazi nikiimba. Dada kasema nilipokuwa mgonjwa nilikuwa na adabu zaidi.
Nimeelewa: Mgeni hajui njia ya huku.

Alhamisi, 13 Machi
Nyumbani. Mke wangu aliwalisha njiwa, hakufagia. Vumbi la siku nne. Saa tano nikashika ufagio. Likapanda kwenye mwanga wa dirisha, likasimama hewani kama mtu anayekumbuka jambo. Njiwa wote kimya, wananitazama.
Saa kumi na moja kaja na hasira zote. Mke wangu asema midomo yangu ilibadilika rangi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimesalitiwa. Mbele ya daktari, mke wangu kachomoa unyoya kwenye kola yangu, kauweka juu ya faili. Akasema: njiwa kumi na wanne, chumba cha nyuma, anafagia mwenyewe kila saa tano. Nesi akaacha kuandika.
Daktari akahesabu kwa vidole. Tano mpaka kumi na moja, masaa sita. Akasema ndiye Mgeni huyo: mapafu yangu yamelikataa vumbi la manyoya na kinyesi cha njiwa, huvimba masaa machache baada ya kulivuta. Damu itapimwa kuthibitisha. Vidonge vitatuliza uvimbe, lakini vumbi likibaki, mapafu yatafanya makovu, na kovu la pafu halirudi nyuma. Nitakufa nikitafuta pumzi, hivyo hivyo kasema. Mke wangu kaongeza: njiwa au mimi. Nikaomba muda wa kufikiri. Haikuwa busara.

Jumatano, 19 Machi
Damu imekubaliana na daktari. Njiwa wamechukuliwa na mkulima wa mbali. Fundi Cherehani kasaidia kubeba vizimba, hakunung'unika hata kidogo. Kwa nini? Mwenye Nyumba kafoka saa nzima. Kumbe akitaka husikia.

Jumamosi, 5 Aprili
Wiki mbili na zaidi, hakuna Mgeni. Napumua kama kijana. Chumba cha nyuma kitupu, ila gunia moja nililolificha: manyoya yao. Manyoya si ndege. Hayali, hayaruki, hayachafui. Nimempa Fundi Cherehani, kanishonea mto. Mnene, laini. Hakutaka hata shukrani.

Jumatatu, 7 Aprili
Saa tano, sina cha kufagia. Nikajilaza, uso ndani ya mto, nikavuta harufu ya njiwa wangu.
Saa kumi na moja kamili. Kaja.
Kwa hiyo hawakuwa njiwa. Nimewafukuza bure. Kumbe ni yule yule, Fundi Cherehani, kanishonea kitu humo ndani. Nimeupasua mto, nimeukung'uta wote. Manyoya yamejaa chumba, yanashuka taratibu, yananitua mabegani. Kifuani karatasi inakunjwa. Sijakiona alichoficha.
Kesho saa tano nitaanza upya. Unyoya mmoja mmoja, karibu na macho.